Ukipigwa Kalamu kwa Sababu ya Siasa: Mwongozo kwa Mfanyakazi wa Kakamega

Hakuna barua ya kuachishwa kazi itakayokuambia kwamba umefutwa kwa kuwa ulimpigia debe mpinzani wa bosi. Utaambiwa mkataba umefika mwisho. Utaambiwa bajeti imebana, idara inapangwa upya, au ukaguzi umegundua kwamba uliajiriwa bila kufuata utaratibu, ingawa umekuwa ukilipwa mshahara kila mwezi na hakuna aliyelalamika. Ukiwa kibarua hata barua hupati. Unafika asubuhi yadini, nyapara anasoma majina, lako analiruka, na ukimuuliza anakujibu bila kuinua macho daftarini: "Si uende kwa mheshimiwa wako akupe kazi."

Iandike sentensi hiyo. Iandike siku hiyo hiyo, kwa maneno yale yale, uweke saa na majina ya wenzako wawili watatu waliokuwa wamesimama karibu. Anayefutwa kwa siasa hufutwa kwa jina lingine, na kesi yako haitasimama kwa hasira, wala kwa kuwa kila mtu sokoni anaujua ukweli. Itasimama kwa tarehe na karatasi zinazoonyesha kwamba sababu iliyoandikwa siyo iliyokumwagisha unga.

Kakamega jambo hili linauma zaidi kwa sababu milango ya kazi si mingi. Kaunti ni mwajiri mkubwa, kisha kuna shule, hospitali, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na viwanda vya miwa. Mumias Sugar ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019, wengi walioishi kwa miwa walibaki kutazama upande wa serikali na wanasiasa. Mahali ambapo mlango mmoja ukifungwa huna wa pili wa kubisha, anayeshika funguo huogopwa kuliko sheria.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imelitaja jambo lako waziwazi. Kifungu cha 5 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, au hata anayetafuta kazi, kwa maoni yake ya kisiasa. Hicho hicho kinasema kwamba ukidai umebaguliwa, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kuwa hukubaguliwa. Kifungu cha 46 kinaorodhesha sababu ambazo haziwezi kamwe kuwa halali za kumfuta mtu, na siasa imo, iwe ni maoni au chama unachokiunga mkono. Ujauzito umo, kabila limo, dini imo, na hata kule kumshtaki kwako mwajiri kumo. Kifungu cha 43 kinamtaka athibitishe sababu aliyoitoa, na akishindwa, hatua yake inahesabiwa kuwa si ya haki.

Kisha kuna kifungu cha 41, na hapa ndipo waajiri wengi hujikwaa. Kabla ya kukufuta kwa kosa la nidhamu au utendaji, mwajiri lazima akuite, akueleze anachokulaumu kwa lugha unayoielewa, na akusikilize ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mwenye haraka ya kulipiza kisasi huona kikao hicho kuwa usumbufu, akakiruka. Mruhusu akiruke, wewe weka kumbukumbu tu kwamba hakuna siku uliyoitwa.

Mfanyakazi wa umma ana ngao ya ziada. Kifungu cha 236 cha Katiba ya 2010 kinasema afisa wa umma hatafutwa, hatashushwa cheo wala kuadhibiwa bila kufuata utaratibu wa sheria. Hilo si jambo dogo. Chini ya Katiba ya zamani, kifungu cha 25, watumishi wa umma walishika kazi zao kwa ridhaa ya Rais, na ridhaa ikiisha, kazi imekwisha.

Magharibi ya Kenya inaikumbuka ridhaa hiyo. Juni 1975, Bunge lilipoipigia kura ripoti ya uchunguzi wa mauaji ya mbunge J.M. Kariuki, waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi Peter Kibisu na John Keen waliiunga mkono kinyume cha matakwa ya serikali. Walifutwa. Kibisu alikuwa mbunge wa Vihiga, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya ya Kakamega. Oktoba mwaka huo huo Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alitiwa kizuizini baada ya kusema bungeni kwamba chama tawala, KANU, kimeuawa. Alitoka Desemba 1978. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa pia kizuizini, naye aliachiliwa Desemba hiyo, lakini Chuo Kikuu cha Nairobi hakikumrudishia kazi yake ya kufundisha. Mwaka wa 1980 serikali ya Rais Moi ikavunja chama cha watumishi wa umma na kile cha wahadhiri, ili anayefutwa asiwe na wa kusimama naye. Willy Mutunga, aliyekuwa kiongozi katika hicho cha wahadhiri, alitiwa kizuizini mwaka wa 1982 na akapoteza kazi chuoni. Mwaka wa 2011 akawa Jaji Mkuu. Hao ni wakubwa, majina yao yalibaki. Makarani na walimu waliofutwa kwa kunong'onezewa wakuu wa wilaya hawakuandikwa popote. Leo jina la Muliro liko kwenye lango la chuo kikuu na kwenye bustani iliyo katikati ya mji wa Kakamega, ambako wasio na kazi huketi wakibishana siasa.

Je, bosi hana haki ya kuchagua watu wake?

Hili ndilo swali utakaloulizwa hata na ndugu zako, na lina majibu zaidi ya moja.

Zipo kazi ambazo ni siasa yenyewe. Mshauri wa gavana na msaidizi wa mbunge huingia na bosi na hutoka na bosi. Chama cha siasa kikiajiri mratibu wa tawi kina haki ya kutaka mwanachama wake, kwa kuwa sheria inamruhusu mwajiri kuchagua kwa kuzingatia asili ya kazi. Waziri wa kaunti naye anaweza kuondolewa na gavana chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ingawa hata hapo Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Kaunti ya Nyeri ya mwaka 2015, iliona kwamba uwezo huo si wa kutumiwa kiholela.

Lakini dereva wa ambulansi? Mwalimu wa chekechea? Afisa wa mifugo anayechanja ng'ombe Malava? Ng'ombe haulizi chama. Hao hawakuajiriwa kutekeleza manifesto, na anayewafuta ili kuwalipa waliomfanyia kampeni anagawa mali ya umma kama posho.

Mwenye biashara binafsi atakuambia duka ni lake na pesa ni zake. Hoja hiyo ina mvuto, hata miongoni mwa watu wenye busara. Mimi siikubali, na sheria pia haiikubali: kifungu cha 5 hakitofautishi kaunti na hoteli. Anayenunua kazi ya mikono yako kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni hajanunua kura yako. Hata Shirika la Kazi Duniani lilikataza ubaguzi wa maoni ya kisiasa kazini katika mkataba wake nambari 111 wa mwaka 1958, na Kenya iliuridhia mwaka wa 2001.

Upande wa pili wa shilingi ni wewe. Ukiwa mtumishi wa umma, sheria inakukataza kuegemea chama katika kazi yako, au kufanya siasa zinazoharibu imani ya watu kwa ofisi yako. Muuguzi anayehudumu akiwa na kofia ya chama anaweza kuadhibiwa kihalali. Karani anayetumia gari la kaunti kubebea wafuasi, vivyo hivyo. Kupiga kura, kuwa na msimamo, kuusema kwa adabu ukiwa kwako nje ya saa za kazi, hayo ni yako. Kupanda jukwaani na kipaza sauti si yako tena.

Lawama yangu ni kwamba kanuni hii huwa na jicho moja. Aliyeshangilia mshindi haulizwi kuhusu maadili ya afisa wa umma; anayeulizwa ni aliyeshangilia aliyeshindwa. Badala ya kulalamikia unafiki huo, uokote kama ushahidi. Ikiwa umeadhibiwa kwa picha ya mkutano wa uwanja wa Bukhungu, na wenzako watatu wa idara hiyo hiyo walipigwa picha kwenye mkutano wa upande ulioshinda wala hawakuandikiwa hata mstari, hizo picha tatu zina uzito kuliko hotuba yoyote ya wakili.

Tena tuwe wakweli. Wengi wanaolia leo walikuwa wakipiga makofi uchaguzi uliopita, majina ya wengine yalipokuwa yakifutwa. Ukiombwa na walioshinda uandike "orodha ya waliotupinga" ofisini mwako, kataa. Karatasi hiyo siku moja itasomwa mahakamani na jina la mwandishi litakuwa juu yake.

Kabla hujafutwa

Kuna makosa matatu ambayo humpa mwajiri sababu halali aliyokuwa akiitafuta, na yote yamo katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira, kile cha kufutwa papo hapo.

La kwanza ni matusi. Kumkosoa bosi wako aliye mwanasiasa kwa sera zake ni maoni. Kumtukana bosi ni kosa la nidhamu, hata kama bosi huyo ni mwanasiasa. Kakamega mipaka hii hupotea kwa urahisi kwa sababu mwenye shule, mwenye hoteli na mgombea kiti huenda wakawa mtu mmoja. Kabla ya kutuma ujumbe katika kundi la WhatsApp la kijiji, jiulize unamwandikia mgombea au anayekulipa.

La pili ni kutofika kazini bila ruhusa. Ukitaka kwenda mkutanoni siku ya kazi, omba likizo kwa maandishi, wala usiandike kwamba unaenda mazishini.

La tatu ni kukamatwa, na hili vijana walioandamana tangu Juni 2024 walijue vyema. Sheria inamruhusu mwajiri kumfuta mtu aliyekamatwa kwa kosa linaloweza kumpeleka jela, ikiwa siku 14 zimepita kabla hajaachiliwa kwa dhamana au vinginevyo kihalali. Ukitoka siku ya tatu, kukamatwa peke yake si sababu chini ya kifungu hicho. Tatizo ni zile siku tatu ambazo kazini hakuna aliyejua uko wapi. Panga na ndugu yako mapema: nikishikwa, wewe ndiwe utakayempigia simu msimamizi wangu asubuhi hiyo hiyo na kumtumia ujumbe, na ujumbe huo usifutwe. Kesi ikiondolewa, chukua nakala ya amri ya mahakama uiweke pamoja na vyeti vyako vya shule. Waajiri husahau habari ya kuachiliwa. Ya kukamatwa hawasahau.

Kauli za kuchochea kabila dhidi ya kabila hazimo katika maoni ya kisiasa yanayolindwa. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inazifanya jinai, na hapo mwongozo huu haukusaidii.

Siku ya barua

Ikija, isome ukiwa pale pale mapokezi. Usiende kuisomea nyumbani.

Tazama tarehe iliyo juu. Barua za aina hii hupenda kurudishwa nyuma. Imeandikwa tarehe 3, unakabidhiwa tarehe 21, na saa ya rufaa inadaiwa kuanza tarehe 3. Kwa hiyo kwenye nakala yao andika kwa mkono wako: "Nimepokea leo," kisha tarehe, saa, sahihi. Usiandike "nimekubali". Tazama nani ametia sahihi. Katika kaunti, mwenye mamlaka ya nidhamu ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti au yule iliyemkasimu. Barua iliyotiwa sahihi "kwa niaba ya" na mtu asiye na uwezo huo ina ufa kuanzia chini. Tazama kama imetaja kosa, kikao, au kifungu chochote cha sheria. Isipotaja chochote, usifurahi kwa sauti. Ipige picha kabla hujatoka kwenye jengo.

Kisha watakuletea karatasi ya pili, mara nyingi ikiwa imefuatana na hundi au ahadi ya malipo, inayosema huna dai lingine lolote dhidi ya mwajiri. Pesa ya siku ulizofanya kazi ni yako hata ukifutwa papo hapo. Huhitaji kuuza kesi ili uipate. Hiyo karatasi usiitie sahihi siku hiyo, hata kama karani ni binamu yako na anasema ni "ya kufunga faili tu".

Wiki hiyo hiyo peleka barua fupi. Yaweza kuwa hivi:

"Nimepokea barua yenu tarehe 21 Machi. Haielezi kosa, na sikuitwa kujieleza kabla ya kuandikiwa. Naomba nipewe sababu kwa maandishi, kumbukumbu za kikao kilichofikia uamuzi huo, na nakala ya faili langu la ajira."

Siasa haimo humo, na hilo ni makusudi. Mwache mwajiri aandike sababu yake kwanza, kwa maana akishaiandika hawezi kuibadilisha kirahisi mbele ya hakimu. Peleka nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kupiga muhuri, tuma kwa posta ya rejista au kwa baruapepe.

Nyumbani chukua karatasi moja, uichore mstari katikati. Kushoto weka tarehe, kulia weka kilichotokea: siku picha yako ya mkutano iliposambaa, siku msimamizi alipoacha kukusalimia, siku ulipohamishwa kutoka mjini hadi kituo cha mbali, siku ya barua. Ukurasa mmoja unatosha. Tarehe zikikaribiana zenyewe huanza kusema.

Ujumbe wa WhatsApp usiupige picha tu. Hamisha mazungumzo yote uyahifadhi kama faili, na simu yenyewe usiiuze, kwa sababu Sheria ya Ushahidi inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa kilichotumika. Usiingie kwenye kompyuta ya ofisi usiku kuchota mafaili. Utakuwa umempa mwajiri kesi yake.

Kibarua naye asidhani hana chake. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kuisha kabla ya miezi mitatu, mahakama inaweza kukuhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi. Na pasipokuwa na mkataba wa maandishi, mwajiri ndiye wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. Omba taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, ukolezee kila malipo yaliyotoka kwake. Chukua rekodi za NSSF na SHA. Picha ya rejista ya mahudhurio yenye jina lako na sahihi ya nyapara ni dhahabu.

Saa zinazokimbia

Mfanyakazi wa kaunti hukata rufaa kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90, chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Hapa usiruke hatua. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba rufaa hiyo hutangulia kesi, na watu wengi wenye haki wamefukuzwa mahakamani kwa kuwa walikwenda kwa jaji kabla ya kwenda kwa Tume. Hesabu siku kwa kidole kwenye kalenda. Uamuzi wa tarehe 3 Machi una mwisho wake tarehe 1 Juni, ambayo ni Madaraka na ofisi zimefungwa. Kwa hiyo mwisho wako wewe ni Mei.

Mfanyakazi wa kampuni, hoteli au shule ya kibinafsi anaweza kwenda ofisi ya leba ndani ya miezi mitatu. Hakuna ada, na afisa wa leba atamwita mwajiri mpatane. Au unaweza kwenda moja kwa moja mahakamani ndani ya miaka mitatu. Ikiwa mshahara wako haukuzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi yako inaweza kusikilizwa na hakimu, kwa tangazo la gazeti rasmi la mwaka 2018. Ukizidi hapo, ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Unaruhusiwa kujitetea mwenyewe au kusimamiwa na afisa wa chama chako cha wafanyakazi. Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) aanze na ombi la mapitio ndani ya Tume hiyo.

Kinachoua kesi nyingi hapa kwetu ni adabu. Mtu akifutwa, ukoo hukaa. Wazee wanachaguliwa, jogoo anatafutwa, ujumbe unakwenda nyumbani kwa mheshimiwa Jumamosi. Mheshimiwa anawapokea vizuri, anawapa chai, anasema: "Huyu ni omwana wefwe, mwana wetu, hawezi kupotea. Ngojeni bajeti ipite." Bajeti inapita. Mnaambiwa mngoje arudi kutoka Nairobi. Kufikia wakati wazee wanachoka, siku 90 zimekwisha, na hakuna sheria inayosema chai ya mheshimiwa husimamisha saa. Waache wazee waende, maana wakati mwingine husaidia kweli. Lakini rufaa iwe imekwisha kupigwa muhuri kabla hawajavaa koti.

Ukishinda, utapata nini? Mahakama inaweza kutoa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12 kabla ya makato, pamoja na malipo ya notisi na haki nyingine ulizodai. Kwa mtu wa shilingi 25,000 kwa mwezi, upeo ni 300,000, na si lazima upewe miezi yote. Kurudishwa kazini kunawezekana tu ndani ya miaka mitatu tangu kufutwa, na ni nadra. Pima mapema kama unataka pesa au kiti, kwa sababu mwenendo wa kesi si mmoja.

Kesi ngumu kuliko zote ni ya mkataba ulioisha. Mahakama zimerudia mara nyingi kwamba mkataba wa muda ukifika mwisho haukupi haki ya kutarajia mwingine. Hapo huna budi kuonyesha zaidi: kwamba uliahidiwa kwa maandishi, kwamba wenzako wote waliongezewa isipokuwa nyinyi wa upande fulani, kwamba kazi yenyewe bado ipo na ameketi mwingine. Usipokuwa na hata moja kati ya hayo, nauli ya mahakamani itumie kutafuta kazi.

Na ikiwa wewe si mwajiriwa bali ni mfanyabiashara uliyenyimwa zabuni kwa siasa, njia yako ni nyingine na saa yako ni fupi mno: siku 14 kupeleka ombi kwa bodi ya mapitio ya zabuni.

Kuwekwa alama

Kufutwa huisha. Kuwekwa alama hakuishi, na ndiko kunakogombaniwa zaidi, kwa sababu mwenye orodha hukana kwamba ipo.

Uingereza ilikuwa nayo kwa karatasi. Februari 2009 maafisa wa kulinda data waliivamia ofisi ya shirika lililoitwa Consulting Association, wakakuta majina ya wafanyakazi 3,213 wa ujenzi, na kando yake maelezo kuhusu vyama vya wafanyakazi, malalamiko waliyotoa kazini, na siasa zao. Kampuni kubwa za ujenzi zilikuwa zikilipia kupekua majina hayo kabla ya kuajiri. Mafundi waliokaa miaka bila kazi, wakidhani ni bahati mbaya, waliandika kuomba nakala za kadi zao na kusoma sababu kwa macho yao. Kanuni za kupiga marufuku orodha kama hizo zilipitishwa mwaka wa 2010, na mwaka wa 2016 kampuni husika zikakubali kulipa fidia.

Ya Kakamega haina kadi. Ni simu moja: "Huyo ni wa akina nani?" Hata hivyo kuna mahali simu hiyo huacha alama. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kumwandikia mwajiri wa zamani, au yule aliyekukataa, umtake akuonyeshe taarifa zako alizonazo, na imani ya mtu imo kati ya taarifa nyeti zinazolindwa zaidi. Akikataa, malalamiko huenda kwa Kamishna wa Data. Ofisi ya umma unaweza kuiandikia pia chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaipa siku 21 za kujibu. Omba alama za mahojiano na orodha ya walioteuliwa. Huenda usipate neno "siasa" popote. Unaweza kupata kwamba ulikuwa wa pili kwa alama, na aliyeajiriwa alikuwa wa tisa.

Dai pia cheti cha huduma. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimisha kila mwajiri akupe ikiwa ulifanya kazi angalau wiki nne mfululizo, na ndani yake ni jina lako, kazi uliyofanya, tarehe ya kuanza na ya kuondoka. Hana haki ya kukunyima kwa sababu ya ugomvi. Sifa zako halazimiki kuziandika, kwa hiyo za kukupendekeza zitafute kwingine: msimamizi aliyestaafu, mkuu wa shule uliyeshirikiana naye, mhubiri asiyegombea kiti. Ukifika kwenye mahojiano na kuulizwa kwa nini uliondoka, weka cheti mezani, taja tarehe, sema kuna suala mliloliacha kwa mamlaka husika, kisha rudi kwenye kazi unayoomba. Usimtaje gavana, usimtaje mheshimiwa, hata kama anayekuhoji anacheka na anaonekana ni wa upande wako.